Nyekundu ya Dirishani

Kuna watu wana wivu wa kisirisiri, wanaukalia kama kuku anavyokalia mayai. Bi Shabu hakuwa mtu wa hivyo. Wivu wake ulikuwa juu ya uso, mchana kweupe, na kila aliyeingia katika karakana ya mumewe aliuona kabla hajaona pa kukaa. Wala hakumwonea wivu mke wa jirani, wala mteja wa kike mwenye kicheko kirefu, wala binti wa duka la mkabala. Aliyemnyima raha alikuwa marehemu.

Ndiyo, marehemu. Mke wa kwanza wa mumewe, aliyekufa na kuzikwa kabla Bi Shabu hajaijua hata njia ya nyumba ile. Utasema, sasa mtu utamwoneaje wivu aliyelala kaburini? Jamani, huyo ndiye mbaya kuliko wote! Mke mwenza aliye hai utamkuta siku moja kaunguza chungu, au kaamka nywele timtim, au kamjibu mume ovyo, na hapo utapata pa kupumulia. Aliyekufa haunguzi kitu. Kila mwaka anazidi kuwa mzuri, kila mwaka maneno yake yanazidi kuwa matamu, na wewe uliye hai ndiwe unayetoka jasho na kunuka moshi. Bi Shabu alimwita "bi mkubwa", kwanza moyoni, halafu waziwazi.

Mume mwenyewe watu walimwita Fundi. Kazi ya nyumba yake ilikuwa kutengeneza unga wa rangi kutokana na mimea: mizizi, magome, maganda ya vitunguu, vibanzi vya miti. Wachoraji walikuja kununua, na watengeneza kadi, na watu waliotaka kuta za vyumba vyao zisinuke dawa za kiwandani. Chumba cha mbele, cha barabarani, ndicho kilikuwa karakana. Nyuma kulikuwa na ua wenye mafiga, ndoo, na kamba za kuanikia vitambaa vya kuchujia.

Jina la Bi Shabu alipewa na wifi yake, dada wa Fundi, ndoa ikiwa bado mbichi. Shabu ni yale mawe meupe, yanayong'aa kama barafu, ambayo watengeneza rangi huyayeyusha majini. Ukiyalamba yanakukunja ulimi mpaka unasahau ulichotaka kusema. Wifi akasema, "Huyu mke aliyetuletea kaka, mdomo wake ni shabu tupu." Alikusudia kutukana. Bi Shabu akalichukua lile jina akalivaa, maana alijua jambo moja ambalo wifi hakulijua: pasipo shabu, nyumba nzima ile ingekuwa inauza maji machafu.

Iko hivi. Ukichemsha magome au maganda utapata maji ya rangi, mazuri ajabu, lakini ni maji tu. Pakaa karatasi leo, utakuja kukuta yamekwenda zake. Rangi ya mmea inataka kupewa mwili. Unatia shabu iliyoyeyushwa kwenye yale maji, kisha unayeyusha magadi pembeni na kuyamimina kidogo kidogo huku unakoroga, na povu linapanda kama maziwa yanayotaka kumwagika. Hapo ndipo rangi inapoganda na kutuama chini ya ndoo. Maji ya juu yanabaki meupe. Unayamwaga, unatia mengine safi, unaosha na kuosha mpaka magadi yote yatoke, unachuja kwa kitambaa, unaanika kivulini. Ikikauka unaisaga. Huo unga sasa ndio rangi yenye mwili. Lakini hata yenye mwili haina hakika ya kudumu, kwa sababu kuna mimea ambayo uifanyie utakavyo, jua litaiiba.

Ndiyo sababu palikuwa na dirisha. Lilitazama barabarani, upande unaopigwa na jua kutwa. Kila rangi mpya ilikandwa kwa gundi ya mti, ikapakwa kwenye kipande cha karatasi, nusu ikafunikwa kwa karatasi nyeusi, nusu ikaachwa wazi, na kipande kikatundikwa pale kihukumiwe. Baada ya miezi Fundi alifunua. Nusu mbili zikilingana, rangi inauzwa. Zikitofautiana, inarudi uani kwa aibu. Vipande vilikuja na kuondoka, kimoja tu hakikuondoka. Hicho kilikuwa juu, katikati, ndani ya fremu ya mbao isiyo na kioo: nyekundu ya bi mkubwa.

"Hiyo imekaa hapo tangu enzi za marehemu," Fundi alikuwa akiwaambia wateja, kisha anapanda kigoda na kufunua karatasi nyeusi. Nusu ya jua na nusu ya kivuli zilikuwa kitu kimoja. Wateja waliguna kwa kustaajabu.

Na wifi, ambaye hakukosa kuwapo, alidakia: "Yule alikuwa na mkono bwana! Siku hizi watu wanachemsha tu."

Basi Bi Shabu alitaka kitu kimoja duniani, nacho ni nafasi ile. Juu, katikati, kwenye jua. Hakutaka vito wala safari. Alitaka mteja aingie, ainue macho akute nyekundu yake, na Fundi aseme, "Hiyo ni ya mke wangu," na huyo mke awe yeye.

Wala usidhani alikuwa mtu wa kubahatisha. Kabla ya kuolewa alikuwa akipika rangi za nyuzi kwenye karakana ya mazulia, na huko ndiko alikoijua ile mizizi myembamba inayotoa nyekundu nzito, nyekundu isiyo na haraka. Fundi alimkuta huko akitafuta mizizi, akarudi na mizizi na mke. Alipofika kwenye nyumba mpya, wifi alimtembeza kama anayemwonyesha mgeni makumbusho. Ndoo hizi za marehemu. Kitambaa hiki cha marehemu. Na hili hapa jiwe lake la kusagia. Lilikuwa jiwe jeusi, laini, ambalo katikati limeliwa na mkono wa mwenyewe mpaka likafanya kibonde.

"Utasagia hili," wifi alisema. "Hakuna jiwe kama hili."

"Sisagi kwenye kibonde cha mkono wa mtu," Bi Shabu akajibu, na hilo ndilo jibu lililomletea jina.

Akaenda kwa mafundi wanaochonga meza za jikoni za mawe, akaokota kipande kilichobaki, cha kijivu chenye kumetameta. Jiwe lenyewe, tuseme ukweli, halikuwa zuri. Lilikuwa likimomonyoka. Kila aliposaga, vichembe vidogo vya kung'aa viliingia kwenye unga na hata kwa chekeche havikukamatika. Fundi alisema kwa upole, "Rangi yako ina nyota." Wifi alisema bila upole, "Rangi gani hii ina mchanga!" Kila mtu alijua dawa: jiwe jeusi lilikuwa pale pale chini ya meza, linangoja. Bi Shabu alikufa na tai shingoni. Afadhali kusaga mchanga wake kuliko kuingiza mkono kwenye kile kibonde. Wateja nao wakazoea, nyekundu yake ikauzwa, lakini iliuzwa kama nyekundu tu, kwenye makopo ya chini, haina mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kigoda. Miaka ya kwanza ya ndoa aliwahi kumkuta Fundi mara kwa mara juu ya kile kigoda cha miguu mitatu, pua karibu iguse ile fremu. "Nafuta vumbi," alikuwa akisema, na kushuka haraka. Vumbi! Mtu ambaye viatu vyake vinaweza kuotesha mbegu kwa vumbi! Bi Shabu alirudi uani akakoroga ndoo mpaka mkono ukamwuma. Kisha, bila yeye kujua ni kwa nini, Fundi akapunguza kupanda. Akawa anapanda wateja wakija tu. Bi Shabu aliliona hilo, akalihesabu kuwa ushindi. Anaanza kumsahau, alijiambia, naye siku hiyo aliimba akiosha vitambaa.

Lakini nafasi ya dirishani haikubadilika. Alijaribu kila kitu. Alipunguza magadi, akaongeza muda wa kuloweka, akabadilisha maji ya bomba kwa maji ya mvua. Akawa anatazama fremu kutoka chini, kisha kopo lake, fremu tena, kopo tena. Mwaka baada ya mwaka aliona zinakaribiana, akadhani ni mkono wake unaoifikia. Ila kila mara alikuta kasoro. Ya bi mkubwa ina joto. Ya bi mkubwa imetulia. Ya kwake mwenyewe, aliapa, ilikuwa na kiherehere fulani. Wivu una macho yake, hauhitaji miwani.

Kisha akaja mchoraji.

Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, vidole vina madoa ya kila rangi. Alikuwa amepewa kazi ya kuchora picha kubwa kwenye ukumbi wa maktaba mpya, na paa la ukumbi huo lilikuwa la vioo. "Jua litaupiga ule ukuta kutwa," alisema. "Nikipaka nyekundu ikanigeukia rangi ya ufizi, sina pa kuuficha uso wangu." Akainua macho dirishani. Fundi akapanda kigoda, akafunua, akasema maneno yake ya siku zote. Mchoraji akatazama kwa kitambo.

"Nataka hii," alisema. "Hii hii. Nyingine sitaki."

Wifi akapiga vigelegele nusu, akavimeza. Bi Shabu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na ndoo mkononi, na moyo ukamlipuka paa. Maana sasa haikuwa kipande cha karatasi tena. Bi mkubwa alikuwa anaenda kupakwa ukuta mzima, mjini, watu wapite wamtazame.

Fundi hakufurahi kama mtu aliyepata kazi. Alikuna kichwa, akamwambia mchoraji arudi baadaye, unga utakuwa tayari. Kisha akamfuata mkewe uani.

"Mtengenezee ile yako ya mizizi," alisema.

"Ya kwangu?"

"Si nyekundu? Itafaa."

"Fundi, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mteja kataka ya bi mkubwa, kainyooshea kidole. Leo nitoke jasho mimi, asifiwe yeye? Kwani mimi nani humu ndani, mkono wake wa kushoto?"

"Marehemu mwache alale, mke wangu."

"Ni mimi ninayemwamsha? Nani aliyemtundika dirishani?"

Fundi akageuka, akaenda kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa. Ndivyo alivyokuwa mwanamume yule. Hakuwa mwongo, lakini ukweli wake ulitoka kwa kudondoka, kama bomba bovu.

Bi Shabu akatengeneza. Angefanya nini? Na alitengeneza kama hajawahi. Aliosha mizizi mpaka maji yakatoka meupe, akaikata, akailoweka, akaiweka kwenye moto mdogo wa kubembeleza, maana mizizi ile ikichemka tu inatoa rangi ya udongo na kazi yote inapotea. Mara mbili hasira zilimfanya asukume kuni ndani, na mara mbili akazichomoa huku akijitukana. Akamimina magadi kwa kijiko, akingoja kila povu lishuke. Rangi ikatuama chini ya ndoo, nene, tulivu. Aliiosha, akaichuja, akaianika kivulini, na ilipokauka akakaa chini na jiwe lake la kijivu akasaga. Alisaga kwa wivu, niseme nini tena? Kila mzunguko wa mkono ulikuwa na jina la mtu.

Siku ya mchoraji kurudi, Fundi alitoka asubuhi kwenda kumpokea stendi. Karakana ikawa tupu. Bi Shabu alikuwa anafuta meza kwa kitambaa kibichi. Alitazama fremu. Akatazama kitambaa.

Sasa hapa usimtetee, hata mimi simtetei. Alijua alichokuwa anataka kufanya. Rangi iliyokandwa kwa gundi ya mti haiwezani na maji. Mguso mmoja wa kitambaa kibichi, inafumuka. Hakutaka kuiharibu yote. Doa tu. Doa moja kwenye uso wa bi mkubwa, ili mchoraji akifika akute naye ana kasoro kama binadamu wengine. Akavuta kigoda, akapanda.

Hakuwahi kuitazama kwa karibu vile. Miaka yote ile aliitazama kutoka chini, kwa jicho la pembeni, kama unavyomtazama mtu usiyetaka ajue unamtazama. Jua lilikuwa limeingia lote. Akainua kitambaa, na pale pale akaona kitu kinametameta.

Kwanza alidhani ni machozi yake. Akayafuta kwa bega, akatazama tena. Vichembe. Vidogo, vya kung'aa, vimetawanyika kwenye nyekundu yote, nusu ya jua na nusu ya kivuli. Hakuna jiwe jeusi, laini, lenye kibonde, linaloweza kutoa vichembe vile. Kulikuwa na jiwe moja tu katika nyumba hiyo lililokuwa likimomonyoka hivyo, na aliliokota yeye, kwa kiburi chake mwenyewe.

Akakitupa kitambaa mabegani, akachomoa kipande kutoka kwenye fremu. Pembezoni, pale ukingo wa mbao ulipokuwa umefunika, brashi ya aliyepaka juu haikufika. Ukingo wa upande wa kivuli ulikuwa na nyekundu nyingine, ya waridi, nzuri kweli: hiyo ndiyo ya bi mkubwa. Na ukingo wa upande wa jua, mwanga wa miaka ulikuwa umepenya kwenye mwanya wa mbao, na palikuwa na rangi ya ufizi, hafifu, karibu kuisha. Nyekundu ya marehemu ilikuwa imekufa zamani. Juu yake, pana na nzito na haijasogea hata kidogo, ilikuwa imelala nyekundu ya mizizi.

Miaka yote ile alikuwa anaionea wivu rangi yake mwenyewe.

Ungetegemea afurahi. Akacheka kidogo, ndiyo, kicheko kikavu, halafu kikafuata kitu kibaya zaidi. Kumbe ndiyo kazi yake humu ndani! Aoshe, achuje, asage, halafu mume achukue jasho lake apande nalo kigoda kwenda kumpaka mwenzake usoni, ili mwenzake aonekane hajazeeka. Wivu wake, badala ya kupoa, ukapanda kama povu la magadi.

"Shuka!" Ilikuwa sauti ya wifi mlangoni. "Shuka hapo! Umegusa cha marehemu?"

"Njoo uone, wifi."

"Sioni kitu! Kirudishe!"

"Njoo uone nani yumo humu." Bi Shabu akashuka, akamwekea kipande mbele ya uso. "Hivi vichembe unavijua? Si wewe unayeviita mchanga? Vimefikaje kwa marehemu?"

Wifi akatazama. Akatazama tena, na uso ukambadilika, lakini yule hakuwa mwanamke wa kushindwa akiwa amesimama. Aliona kitambaa kibichi kwenye bega la Bi Shabu, macho yakamtoka pima.

"Umeipaka wewe!" alisema. "Umepanda hapo na maji, umefuta kazi ya mwenzio, umepaka mchanga wako juu! Husuda hii, Bi Shabu, husuda hii!"

Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji mgongoni mwa Bi Shabu. Nani angemwamini? Kila mtu mtaani alijua kijicho chake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, mdomo wa shabu ulikauka.

Na Fundi akaingia, mchoraji nyuma yake.

"Kaka, afadhali umekuja," wifi akaanza. "Tazama mkeo alichofanya! Kafuta rangi ya marehemu, kapaka yake!"

Fundi aliona fremu tupu, akaona kipande mikononi mwa mkewe, akaona kitambaa. Alielewa yote kwa mara moja; ilionekana jinsi mabega yalivyomshuka. Mchoraji alisimama mlangoni, mkono umeshika miwani.

"Sema, Fundi," Bi Shabu alisema, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo. "Mbele ya mteja, mbele ya dada yako. Nyekundu hii ni ya nani?"

Nje pikipiki ilipita, na honi, na mtu anayecheka. Fundi alilamba midomo.

"Ni yake," alisema.

"Yake nani?" wifi akafoka. "Humu kuna wake wawili!"

"Ya huyu. Huyu mwenye kitambaa." Akavuta benchi akakaa. "Hajapaka leo. Nilipaka mimi, zamani."

Ikabidi aseme, na bomba bovu likafunguka. Marehemu alikuwa amekipaka kile kipande akiwa mgonjwa, ameegemezwa mito. Akamwambia, "Hii haitoki." Ilianza kutoka mwaka ule ule aliozikwa. Rangi yake ilikuwa ya vibanzi vya mti, na vibanzi havishindani na jua; yeye kama fundi alijua, na hata marehemu huenda alijua, lakini alikuwa amesema. Basi akawa anapanda kigoda na brashi, anapaka juu kwa unga aliouacha mwenyewe. Unafifia, anapaka. Unafifia tena, anapaka tena. Mwisho kopo lake likaisha.

"Ukachukua la kwangu," Bi Shabu alisema.

"Nikachukua la kwako. Nilijua baada ya msimu nitapaka tena." Akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sijapaka tena."

Wifi alikuwa amekaa kwenye gunia la maganda ya vitunguu bila kujua amekaa kwenye nini. "Na wewe ulituambia ni ya marehemu," alisema, sauti ndogo.

"Sikusema ni ya marehemu. Nilisema imekaa hapo tangu enzi zake. Karatasi imekaa."

Mchoraji akakohoa. Alikuwa mtu wa kazi, na mambo ya wake wa watu hakuyataka. "Ngoja nielewe," alisema. "Hii iliyopigwa jua miaka yote ni ya huyu mama? Ya mizizi?"

"Ya mizizi," Bi Shabu alisema. "Nasaga mwenyewe. Ina vichembe, nakwambia mapema usije ukalalamika."

"Vichembe nitahangaika navyo mwenyewe. Nipe unga." Akapokea makopo, akayafungua moja moja, akayanusa, akaridhika. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na jina? Pale ukutani kutakuwa na kibao cha waliotengeneza rangi. Niandike nani?"

Fundi akamtazama mkewe. Wifi akatazama sakafu.

"Andika Bi Shabu," Bi Shabu akasema.

Wifi naye akaaga, akipangusa maganda ya vitunguu kwenye sketi, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka kutaja mkono wa mtu. Wakabaki wawili, na kipande cha karatasi juu ya meza, na fremu tupu dirishani. Fundi alikaa kwenye benchi kama mshtakiwa, akingoja. Kitambaa bado kilikuwa kibichi. Mguso mmoja tu, na ile rangi ya ufizi ingetoka nje yote, na bi mkubwa angeonekana na kila mpita njia jinsi alivyokuwa.

Bi Shabu alikigusa kile kipande kwa kidole, pale ukingoni, pale penye ile nyekundu ya waridi iliyobaki. Mgonjwa, ameegemezwa mito, na brashi mkononi. Hakuwahi kufikiri kwamba bi mkubwa alikuwa na mito.

"Kirudishe juu," alisema.

"Hicho hicho?"

"Si changu? Kirudishe."

Fundi akapanda kigoda, akakichomeka polepole, akanyoosha karatasi nyeusi. Bi Shabu alimtazama kutoka chini, zile nyayo zilizopauka, ile mikono iliyokuwa ikipaka na kupaka, msimu baada ya msimu, kwa ajili ya neno moja la mtu aliyekwisha kufa. Wivu ukamshika upya, mpya kabisa, wa namna ambayo hakuwa nayo asubuhi.

"Na mimi nikifa, Fundi, utanipandia kigoda hivyo?"

Fundi akafikiri. Hakuwa mwongo, nimeshasema.

"Wewe? Hapana," alisema, akiwa bado ameipa fremu uso. "Wewe hutanipandisha kigoda. Ya kwako haitoki."

Bi Shabu akamtupia kile kitambaa kibichi mgongoni, akamwita mpumbavu, akatoka kwenda uani. Alikuwa ameanza kulia, na hakutaka bi mkubwa amwone.